Kabla ya Kununua Spea: Kompresheni, Cheche na Pikipiki Kuukuu za Mbololo

Pikipiki inayokataa kuwaka inaweza kumaliza pesa za mwenyewe bila yeye kujua zimekwenda wapi. Leo hununuliwa plagi, kesho CDI (kile kisanduku cha kielektroniki kinachoongoza cheche), kesho kutwa koili, na wiki ikiisha imefungwa kabureta mpya huku ile ya zamani, ambayo pengine haikuwa na kosa, ikitupwa kwenye vyuma chakavu. Mbololo, eneo la milima karibu na Voi nchini Kenya, kuanzia Tausa hadi vijiji vya mlimani kama Wongonyi, pikipiki ndiyo inayomshusha mgonjwa hadi barabara kuu, ndiyo inayobeba ndizi na mahindi hadi sokoni Voi, na kwa familia nyingi ndiyo mshahara. Ikilala gereji siku tatu kwa sababu fundi anakisia, hasara haimwangukii mwendeshaji peke yake. Hoja ya makala haya ni moja. Matatizo ya cheche na matatizo ya kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, katika injini kuukuu hufanana kwa dalili na hufichana, hivyo kukisia hakuwezi kuyatenganisha, wala kubadilisha spea moja baada ya nyingine. Hutenganishwa kwa kupima, na kompresheni ndiyo ya kupimwa kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua dalili nyingine zote zisomwe vipi.

Tuanze na injini zenyewe. Pikipiki zilienea kwa kasi Kenya baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizozidi cc 250, mwaka 2008. Nyingi za mwanzo zilitoka China, na nyingi kati ya hizo zilibeba nakala ya injini ya Honda CG125, ambayo Honda iliitoa mwaka 1976 ikilenga nchi ambako pikipiki hufanya kazi ngumu na kutunzwa kidogo. Injini ile haina mnyororo wa kuzungusha kamshafti juu ya hedi. Valvu zake husukumwa na fimbo, na hivyo mwenye pikipiki ana kitu kimoja pungufu cha kukumbuka kukaza. Namba iliyogongwa kwenye injini hizo ni maelezo tosha kwa anayejua kuisoma: 156FMI ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 56, inayopozwa kwa hewa, ya cc 125, 162FMJ ni milimita 62, ya cc 150. Baadaye zikaja Bajaj Boxer na TVS HLX kutoka India, ambazo zina mnyororo wa kamshafti. Zote hizi, za Kichina na za Kihindi, ni za silinda moja, na hilo lina uzito katika uchunguzi. Fundi wa gari la silinda nne hulinganisha silinda na silinda, akaona iliyo dhaifu kati ya nne. Fundi wa pikipiki hana cha kulinganisha nacho, isipokuwa namba iliyopimwa siku injini hiyo hiyo ilipokuwa nzima. Bila namba hiyo, anahukumu mtu ambaye hajawahi kumwona akiwa na afya.

Mazingira ya Mbololo nayo hayaisaidii injini. Mji wa Voi uko chini ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mbololo kinapita mita 1,700. Anayepanda mita 1,000 huacha nyuma zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa. Injini iliyopimwa psi 150 pale Voi inaweza kuonyesha karibu psi 133 mlimani bila kuharibika hata kidogo, na kabureta iliyorekebishwa chini hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi mno huko juu, plagi ikawa nyeusi kwa masizi. Fundi asiyezingatia urefu wa mahali atalaumu ringi kwa kosa la mlima. Kisha kuna vumbi jekundu, lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Kichujio cha hewa kikichanika, au mwendeshaji akikitoa kwa imani kwamba pikipiki itavuta vizuri zaidi, chembe za mchanga huingia kati ya ringi na ukuta wa silinda na kufanya kazi ya msasa. Mafuta nayo yana historia yake. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, hasa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli na dizeli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui vizuri, huifanya injini igonge, na ile isiyoungua huteremka kando ya pistoni, ikaosha oili ukutani na kuiyeyusha iliyo chini. Kwa hiyo injini ya Mbololo hupoteza kompresheni kidogo kidogo, kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na mwendeshaji huzoea udhaifu huo hadi asubuhi moja kiki inapokataa kabisa.

Asubuhi hiyo, jambo la kwanza ambalo karibu kila gereji hufanya ni kufungua plagi, kuilaza juu ya hedi na kupiga kiki. Cheche ikionekana, husemwa kwamba moto upo, na uchunguzi unahamia kwenye kabureta. Hapa ndipo kosa kubwa linapoanzia. Mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba umeme unaohitajika kuruka pengo hutegemea upana wa pengo na shinikizo la gesi iliyomo. Katika hewa ya wazi, pengo la kawaida la plagi, milimita 0.6 hadi 0.7, huvukwa kwa volti elfu mbili au tatu. Ndani ya silinda, mchanganyiko ukiwa umebanwa, pengo hilo hilo linaweza kudai zaidi ya volti 10,000. Koili iliyochoka huweza kabisa kutoa cheche nzuri mbele ya macho ya fundi na ikashindwa pale kazi inapofanyika. Ndiyo maana vitabu vya Yamaha havitosheki na cheche ya plagi. Hutaka cheche iruke pengo la milimita 6 kwenye kifaa cha kupimia, ili ugumu wa ndani ya silinda uigwe nje. Kukosekana kwa cheche kabisa ni ushahidi wa wazi. Kuwepo kwake hewani si ushahidi kwamba mfumo wa moto ni mzima.

Sheria hiyo hiyo ya Paschen ina upande wa pili ambao mafundi wengi wameuona bila kuupa jina. Kompresheni ikishuka, kazi ya koili huwa nyepesi. Pikipiki yenye ringi zilizokwisha inaweza kutembea miaka miwili na koili mbovu, kwa kuwa hakuna mgandamizo wa kuizuia cheche. Siku silinda inapoboriwa na kuwekwa pistoni mpya, kompresheni hupanda, koili ile hushindwa, na pikipiki iliyoingia gereji ikiwaka kwa shida hutoka isiwake kabisa, au hukohoa kila inapopewa mzigo. Mwenyewe huamini fundi ameiharibu. Fundi, ambaye alikuwa ameshaiona cheche, huamini amekosea kufunga valvu, na huifungua tena injini nzima. Wote wawili wamedanganywa na ukweli mmoja: ubovu wa kwanza ulikuwa umeuficha wa pili. Hapa ndipo inapoonekana kwa nini kompresheni itangulie. Kipimo chake hakihitaji injini iwake, wala hakibadiliki kwa sababu koili ni nzima au mbovu. Mwenendo wa cheche, kinyume chake, hubadilika kila kompresheni inapobadilika. Mwenye vipimo viwili, kimoja kinachosimama peke yake na kingine kinachoegemea cha kwanza, huanza na kile kinachosimama peke yake.

Lakini kipimo kikifanywa ovyo nacho hudanganya, na katika injini ndogo hudanganya haraka. Plagi ya aina ya D8EA, inayotumika kwenye CG125 na nakala zake nyingi, ina uzi wa milimita 12, na injini nyingine ndogo hutumia uzi wa milimita 10. Geji iliyofungwa kwa adapta isiyolingana huvuja, na uvujaji huo huhesabiwa kuwa ugonjwa wa injini. Valvu ya geji lazima iwe kwenye ncha inayoingia kwenye silinda. Ikiwa iko mbali, hewa iliyo ndani ya mpira mrefu huongezeka kwenye chumba kidogo cha kuunguzia, na namba hushuka bila sababu. Moto uzimwe, au plagi iunganishwe na bodi, ili umeme usitafute njia kwa kuipasua koili. Kisha eksileta ifunguliwe yote. Hili husahaulika kuliko mengine, ilhali eksileta ikifungwa injini hunyimwa hewa ya kubana, na silinda nzima husomeka kama mfu. Kiki ipigwe kwa nguvu hadi sindano iache kupanda. Injini nzima ya aina hizi, ikipimwa Voi, kwa kawaida husimama kati ya psi 130 na 180. Ikiwa chini ya 100, kuwaka huwa kwa bahati. Hata mwendo wa sindano ni habari: inayopanda taratibu kwa kila kiki hadi ikafika juu huashiria ringi zinazovuja, na inayoanza chini na kubaki chini huelekeza kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Namba ikiwa ndogo, hatua inayofuata ni kumimina oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda; namba ikipanda sana, ubovu uko kwenye ringi, pistoni au silinda, na isipopanda, uko juu. Kipimo hiki kinajulikana, ila kipimo cha oili yenyewe mara nyingi hukosewa. Injini ya cc 125 inayobana kwa uwiano wa takriban 9 kwa 1 ina chumba cha kuunguzia cha karibu cc 15 tu pistoni ikiwa juu kabisa. Kijiko kizima cha chai, ambacho ni cc 5, hujaza theluthi ya chumba hicho, na kompresheni itapanda hata kama ringi hazina kosa lolote. Fundi atabori silinda nzima kwa sababu ya kijiko. Inatosha cc 1 au 2 kwa sindano ya hospitali, kisha kiki ipigwe mara kadhaa ili oili isambae kabla ya geji kufungwa. Jambo dogo kama hili ndilo linalotofautisha kipimo na kisio kilichovikwa nguo za kipimo.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kitu ambacho Voi haina. Mtu wa kuziba pancha ana kompresa. Hewa yake ikiingizwa kwa upole kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, sikio litafanya kazi ambayo geji haiwezi. Mlio kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia. Mlio kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi. Upepo unaotoka kwenye tundu la kujazia oili ni ringi. Hedi ikishafunguliwa, petroli ikimiminwa kwenye njia ya valvu na kuonekana ikidondoka upande wa pili, valvu haijakaa vizuri kwenye kiti chake na inahitaji kusagwa. Tapeti nayo isisahauliwe. Honda iliagiza nafasi ya milimita 0.08 kwa CG125 injini ikiwa baridi, nafasi inayokaribiana na unene wa karatasi ya daftari. Wako waendeshaji wanaodai tapeti zikazwe hadi kelele iishe, na wako mafundi wanaokubali ili kumridhisha mteja. Ukweli ni kwamba tapeti inayolia hupunguza nguvu kidogo na huomba kurekebishwa, lakini iliyonyamaza kabisa inaweza kuwa inaizuia valvu isifunge, na valvu isiyofunga huungua. Kwa pikipiki kongwe kweli, zilizoundwa zama za petroli yenye risasi, kuna sababu ya ziada ya kuangalia hapo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Afya ya watoto ilifaidika sana, na uamuzi ulikuwa sahihi. Ila viti vya valvu vilivyotegemea risasi kama kinga vilianza kulika, na kiti kikilika valvu huzama ndani, nafasi ya tapeti ikatoweka yenyewe bila mtu kugusa nati.

Dalili moja inatosha kuonyesha jinsi magonjwa ya cheche na ya kompresheni yanavyovaa sura moja. Pikipiki imepanda na abiria wawili au na mzigo wa maji, imefika katikati ya mlima, imepoteza nguvu na kuzima. Kiki inapigwa, haiwaki. Watu wanakaa kivulini nusu saa, injini inapoa, kiki moja tu na inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika vijiwe vya bodaboda jibu huwa tayari: hiyo ni koili, au ni CDI. Na inaweza kuwa kweli, maana nyaya za koili na za pulsa (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa cheche) zikipata joto hutanuka, na insuleta iliyopasuka huachia umeme upite mkato. Lakini valvu ya ekzosi iliyobanwa na tapeti hufanya vilevile kabisa. Ikipata joto hurefuka, nafasi ya milimita 0.08 huisha, valvu hubaki wazi kwa unywele, na kompresheni hutoroka. Ikipoa hufupika na kufunga. Mwenye pikipiki hiyo anaweza kununua koili tatu na asione nafuu. Jibu liko kwenye zile dakika chache kabla injini haijapoa. Kiki ikanyagwe taratibu: ikiwa inashuka laini bila kukaza, kompresheni haipo na koili haina hatia. Ikiwa inakaza kama kawaida, plagi ifunguliwe hapo hapo, injini ikiwa bado moto, na cheche ijaribiwe. Anayesubiri ipoe ili aifikishe gereji anafika na pikipiki nzima, na fundi anabaki kuchunguza ugonjwa ambao umekwisha kuondoka.

Kompresheni ikishathibitishwa kuwa nzima, mfumo wa moto unaweza kuhojiwa kwa haki, nao una utaratibu wake. Kwanza huondolewa swichi. Kwenye Honda na nakala zake nyingi zenye CDI ya umeme wa magneti, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaozima injini kwa kugusishwa na bodi; ukichomolewa na cheche ikarudi, CDI ilikuwa nzima muda wote, na kosa ni swichi iliyoingia maji ya mvua za vuli au waya uliochubuka chini ya tangi. Kisha kofia ya plagi hufunguliwa, ncha ya waya mnene hukatwa kidogo hadi kwenye shaba safi, na upinzani wa kofia hupimwa. Nyingi zimeundwa kwa ohm 5,000, na inayoonyesha makumi ya maelfu imekufa. Multimita hufuata kwenye koili ya kuchajia CDI na kwenye pulsa, ambazo kwa nakala nyingi za CG husoma mamia kadhaa ya ohm ya kwanza na mia moja hadi mia mbili ya pili. Waya uliokatika husoma kama hakuna njia kabisa, na hapo hakuna ubishi. CDI huja mwisho, kwa sababu haipimiki vizuri kwa multimita. Hukubaliwa kuwa mbovu baada ya wengine wote kuonekana wazima. Inashangaza kwamba ndiyo hununuliwa kwanza. Kwa zile za zamani zaidi zenye platini, pengo la karibu milimita 0.35 na uso safi wa platini hutangulia yote, na kondensa mbovu hujitangaza kwa cheche za buluu zinazorukaruka kwenye platini zenyewe. Lipo pia kosa linalopita katikati ya vipimo vyote: ufunguo mdogo unaoshikilia magneti kwenye krenki ukikatika, kompresheni huwa nzuri, cheche huwa nzuri, lakini inakuja wakati usio wake. Kiki hurudisha mguu kwa nguvu, au ekzosi hupiga mlio kama bunduki. Fundi aliyekwisha kupima mambo mawili ya kwanza hutambua upesi kwamba limebaki la tatu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la heshima, na linastahili jibu la heshima. Husemwa kwamba fundi mzoefu hahitaji geji. Mguu wake juu ya kiki unamwambia yote. Ni kweli kwamba mguu wa fundi aliyefanya kazi miaka ishirini ni chombo kizuri, na katika dalili ya mlimani niliyoieleza nimeutegemea. Ila mguu una mipaka mitatu. Hauwezi kutofautisha psi 120 na psi 145, ilhali tofauti hiyo ikiandikwa mwezi hadi mwezi ndiyo inayotangaza kwamba ringi zinaisha kabla hazijakwisha. Hauwezi kurithiwa: mwanafunzi husikia “hii imelegea” bila kujua imelegea kiasi gani, akaanza upya kujifunza kwa kuharibu pikipiki za watu. Na hauwezi kuonyeshwa kwa mwenye pikipiki, ambaye anatakiwa kulipia kubori silinda kwa sababu ya hisia ya mtu mwingine. Namba huondoa shaka kati ya fundi na mteja, na mahali ambapo shaka ni nyingi, hilo peke yake lina thamani.

Pingamizi la pili ni la pesa na muda. Spea za nakala ni rahisi, mwendeshaji anataka kurudi kazini leo, na kubadilisha ni njia ya kupima pia. Hoja hii ina chembe ya ukweli ambayo haifai kukataliwa: kuazima CDI kutoka pikipiki ya aina ile ile inayotembea, kuifunga peke yake, kujaribu na kuirudisha, ni kipimo halali. Kinachokifanya kiwe halali ni kwamba spea hiyo imethibitishwa kuwa nzima, na kimebadilishwa kitu kimoja tu. Spea mpya ya dukani haina sifa ya kwanza. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008, na bado kasha lenye nembo inayojulikana si dhamana ya kilichomo. Zaidi ya hapo, CDI za AC (za magneti) na za DC (za betri) zinaweza kufanana kwa umbo na zikatofautiana kwa kazi, na plagi ya joto lisilofaa huleta ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja na pikipiki ikawaka hajui ni kipi kilichoiponya, na ikizima tena ataanzia pale pale. Kupima kompresheni, swichi na koili hakuzidi saa moja kwa mtu mwenye vyombo. Mnyororo wa kukisia huchukua siku, na safari za kwenda na kurudi duka la spea Voi nazo hulipiwa.

Wa tatu watauliza kwa nini tujishughulishe na vyuma vya zamani wakati pikipiki mpya za mkopo zipo kila kona na za umeme zimeanza kuuzwa. Jibu ni kwamba pikipiki kuukuu iliyokwisha kulipiwa ni mali isiyodaiwa na mtu, na kwa mkulima wa Mbololo hilo ni jambo kubwa kuliko upya. Hata hivyo, swali lenyewe ni zuri, na linaunga mkono hoja ya kupima. Anayetaka kujua kama pikipiki inastahili kutengenezwa au kuachwa hawezi kujua kwa kuitazama rangi. Pistoni za ukubwa wa kuongeza huja kwa hatua za milimita 0.25 hadi kufikia milimita 1.00; silinda iliyokwisha kuboriwa hadi hatua ya mwisho na bado inavuja imefika mwisho wake, na mwenyewe atalazimika kununua silinda nyingine au kuiuza. Iliyo katika kipimo cha kwanza ina miaka mbele yake. Kipimo kinaokoa ile inayookoleka, na kwa ushahidi ule ule kinamshauri mtu aache kumwaga pesa kwenye ile isiyookoleka.

Basi mambo ya kufanywa hayahitaji kusubiri serikali wala mfadhili. Geji ya kompresheni, multimita na fila geji, vikijumlishwa, havigharimu zaidi ya spea ambazo pikipiki mbili tatu hununuliwa kimakosa, na kijiwe kimoja cha bodaboda kinaweza kuvimiliki kwa pamoja kupitia chama chake. Kila pikipiki iwe na daftari: kompresheni ilipopimwa na ilikuwa ngapi, ilipimwa Voi au mlimani, tapeti ziliwekwa lini, oili ilibadilishwa lini, silinda imeboriwa hadi hatua gani. Mwenye pikipiki naye amweleze fundi ukweli wote, hata ule wa kutoa kichujio au kununua petroli ya chupa, kwani mficha maradhi kifo humuumbua, na injini nayo haina siri ya kudumu. Mafundi walio kazini wanaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na Voi ina Coast Institute of Technology ambako vijana wa kaunti wangeweza kujifunza kwamba uchunguzi ni sehemu ya kazi inayolipiwa. Maana hapo ndipo penye mzizi. Leo mteja hulipa kwa furaha kipande cha chuma anachokiona mkononi, na hunung'unika akitozwa kwa saa moja ya kupima. Mradi fundi analipwa kwa kufunga spea tu, atafunga spea. Waendeshaji wa Mbololo wakikubali kulipia kipimo kama wanavyolipia koili, fundi atakuwa na sababu ya kununua geji, na pesa nyingi zinazoishia kwenye kaunta za spea zitabaki kwenye mifuko ya wanaozitafuta.